Kijeba wa uwanjani anakamatwa, kijeba wa chini ya gari anapita

MECHI ikiwa Kigoma, shabiki wa Kapalamsenga halali. Saa tisa usiku yuko kando ya barabara na jezi yake, skafu shingoni, vuvuzela mkononi, anasubiri Noah iliyokodiwa na tawi. Gari lina siti saba. Waliochanga ni kumi na mmoja. Hakuna anayelalamika, maana Simba haiji Katavi kucheza ligi, na Yanga haiji, na mtu akikosa siku hii atasubiri mpaka msimu mwingine.

Dereva anafika kachelewa, kama kawaida yao. Watu wanamzunguka. Wanamuuliza habari ya mafuta, wanamuuliza kama redio inashika, wanamuuliza yeye ni wa timu gani, na akijibu vibaya basi ni kelele njia nzima. Yote hayo wanauliza. Swali ambalo halimtoki mtu hata mmoja ni hili: hizi tairi ni za mwaka gani?

Akitokea mmoja mwenye wasiwasi akagusia tairi, dereva huinama, anapitisha kidole kwenye meno yake, anasema, "Kaka, hii bado kabisa, ona kashata zilivyojaa." Watu wanaridhika, wanapanda. Wamejibiwa kuhusu meno. Kuhusu umri hawajajibiwa, na wala hawakuuliza.

Hapo ndipo mashabiki wa nchi hii wanaposhangaza, kwa sababu hakuna watu wanaojua habari za umri kama wao.

Katika kijiwe chochote cha kahawa, Mpanda mjini au Karema kule ziwani, itajwe tu timu ya vijana. Mjadala wa kwanza hautakuwa wa mfumo wala wa kocha. Utakuwa wa umri. "Yule ana miaka 17? Na ndevu zile?" Shabiki wa Tanzania ana kidonda cha zamani kwenye jambo hili. Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005 zilizochezwa Gambia, kisha wakaondolewa kwa kosa la kuchezesha kijeba, na safari ikawa ya Zimbabwe. Jasho lote lile likafutwa na tarehe ya kuzaliwa ya mtu mmoja. FIFA nayo, kuanzia Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 kule Nigeria, ikaanza kuwapiga vijana kipimo cha MRI kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu sura inadanganya na cheti kinadanganya. Mfupa ndiyo haudanganyi sana.

Tairi nalo linadanganya kwa sura. Tena linadanganya vizuri kuliko kijeba yeyote, maana lina dawa ya kung'arisha inayopakwa ubavuni likawa jeusi linametameta kama limetoka dukani jana. Lakini tofauti yake na kijeba ni kwamba cheti chake halikitupi wala halikifichi. Kimechapwa kwenye mpira wenyewe.

Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, na baada yake mfululizo wa herufi na tarakimu. Tarakimu nne za mwisho ndizo cheti cha kuzaliwa. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Likiandikwa 2316, lilizaliwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Likiandikwa 0809, ni wiki ya nane ya mwaka 2009, na mwenye gari anatembelea mzee. Zikiwa tarakimu tatu tu, hilo ni la kabla ya mwaka 2000, na mahali pake si barabarani. Wakati mwingine namba kamili iko upande mmoja tu wa tairi, na fundi akilifunga likageukia ndani, mtu analazimika kuingia chini ya gari na tochi ya simu. Usumbufu, ndiyo. Lakini mtu huyohuyo yuko radhi kukaa foleni ya tiketi saa nne juani.

Kwa nini umri uwe na maana wakati meno yapo? Kwa sababu mpira huchoka hata ukiwa umelala. Hewa yenyewe, oksijeni hii inayovutwa na kila mtu, inaula taratibu kutoka nje na kutoka ndani. Jua linauongezea. Joto linauharakisha. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana huchanganya ndani ya mpira dawa na nta za kuulinda. Nta hiyo hupanda juu kidogo kidogo tairi linapozunguka na kujipinda. Gari likiegeshwa miezi chini ya mwembe, nta haipandi, na mpira unakauka. Wapo wanaosema kwa fahari, "Gari langu halitembei sana, tairi zake mpya hizo." Ndugu yangu huyo hajui kwamba kulala nako kunazeesha.

Kisha kuna ndani, kule kusikoonekana. Chini ya meno ya tairi la gari dogo kuna mikanda ya waya wa chuma, imegandishwa na mpira. Mpira ule ukikauka, mikanda inaanza kuachana na mwili wa tairi, kama soli ya kiatu inavyoachia gundi. Nje hakuna alama, au zipo nyufa ndogo ubavuni, nyembamba kama nywele, au kijinundu ambacho dereva anakiona kila asubuhi na kukizoea. Usukani unatetemeka kidogo mwendo ukizidi, naye anasema ni balansi. Mpaka siku mkanda unapobanduka wote kwa mpigo, gari likiwa kwenye kasi, limejaa watu.

Ndiyo sababu kampuni kadhaa za magari zinashauri tairi libadilishwe likifika miaka sita tangu kutengenezwa, meno yawe yamebaki au la. Watengenezaji wa matairi wenyewe, Michelin na Continental kati yao, wanaweka ukomo wa miaka kumi, hata kwa tairi ambalo halijawahi kugusa barabara. Maana yake spea tairi nayo imo. Na spea ndiyo kijeba mkuu wa kikosi. Imening'inia chini ya gari au imefungiwa buti tangu gari lishuke melini, haijacheza hata dakika moja, sura yake ya mtoto. Siku tairi la mbele likipata pancha katikati ya pori, inaingizwa kama supa sabu, na watu wanashangilia kwamba dereva ana spea.

Sasa turufu ya jambo hili iko kwenye barabara za kule Katavi zenyewe.

Kapalamsenga iko Wilaya ya Tanganyika, upande wa kuelekea ziwani, kunakochimbwa shaba. Kwa miaka mingi njia za huko zilikuwa za vumbi na mawe, masika ni tope. Kwenye njia kama hizo gari haliwezi kukimbia. Linakwenda kilomita 30 au 40 kwa saa, linachechemea. Tairi la miaka kumi na miwili linaweza kuvumilia maisha hayo muda mrefu. Likifa, hufa polepole, kwa jiwe au msumari, na gari linasimama lenyewe. Utingo anashuka, anakung'uta suruali, anatoa jeki. Hakuna msiba.

Kumbe msaada wa lami umekuja na mtego wake. Lami ya Tabora hadi Mpanda imekamilika. Barabara ambayo masika ilikuwa balaa kwa wasafiri sasa inateleza kama meza ya pool. Dereva aliyezoea kilomita 40 sasa anaona 100 ni kitu cha kawaida, na akisikia kwenye redio kwamba timu zinapasha misuli moto, anaongeza. Gari ni lilelile. Tairi ni zilezile zilizokuwa zinachechemea kwenye mawe. Kilichobadilika ni joto. Mwendo mkubwa unapasha tairi, uzito unaongeza, upepo pungufu unaongeza zaidi kwa sababu ubavu unajikunja kila mzunguko. Tairi lililozeeka halina tena uwezo wa kuvumilia joto hilo. Lami nzuri ndiyo inayomwumbua kijeba, kama vile mechi ya kasi inavyomwumbua mkongwe aliyezoea kutembea uwanjani.

Na safari zimeongezeka, hili lisisahaulike. Zamani mtu wa Katavi kwenda kuona mechi kubwa ilikuwa tukio la kusimuliwa na wajukuu. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Lakini Julai 25, 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilipelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, Simba na Yanga, na bao la Taddeo Lwanga likaipa Simba kombe. Kisha msimu wa 2023/24 zikapanda Mashujaa ya Kigoma na Tabora United, timu mbili za Ligi Kuu kwa mpigo, moja kaskazini-magharibi mwa Katavi na nyingine kaskazini-mashariki. Wakubwa wa Kariakoo wanakwenda Kigoma, wanakwenda Tabora. Katavi imezungukwa na mpira, nayo yenyewe haina timu huko juu, kwa hiyo watu wake wanasafiri. Wanakwenda na Noah, na Hiace, na Coaster ya kukodi, na wakirudi kutoka Kigoma gari lina watu walewale kumi na mmoja pamoja na migebuka na dagaa wa kuuza kufidia nauli. Wanarudi usiku, maana kesho ni Jumatatu.

Hayo si mambo ya kutungwa kuwatisha watu. Soka la Tanzania linayo kumbukumbu yake.

Mei 27, 2017 Simba waliifunga Mbao 2-1 kwenye fainali ya kombe hilohilo, Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, mechi ikiwa imekwenda hadi dakika za nyongeza. Kesho yake nahodha Jonas Mkude alikuwa anarudi Dar es Salaam na mashabiki kwenye Land Cruiser. Pale Dumila, Morogoro, taarifa za siku ile zikasema tairi lilipasuka, gari likapinduka. Mkude akapelekwa hospitali, akapona na kurudi uwanjani. Shabiki mmoja aliyekuwa naye, mwanamke aliyekwenda Dodoma kuiona Simba ikibeba kombe, alifariki. Watu wanamkumbuka Mkude alivyorudi kucheza. Habari ya tairi lile ilizungumzwa siku mbili tatu ikaisha. Lilikuwa la mwaka gani, hakuna kijiwe kilichouliza, na hapa hakuna anayedai kwamba lilikuwa kuukuu. Kinachosemwa ni kwamba hata gari kubwa, zito, la kifahari, linabebwa na mpira huohuo.

Mwaka 2025, Juni 28, pale Sabasaba, Same mkoani Kilimanjaro, basi na Coaster viligongana na kuteketea. Taarifa ya Ikulu ya kesho yake ilisema waliofariki ni 38 na kwamba chanzo kilikuwa tairi la basi lililopata hitilafu, dereva akashindwa kulimudu. Wengi waliungua kiasi cha kutotambulika. Siku tano baadaye, Julai 3, dunia nzima ya mpira ikalia kwa ajili ya Diogo Jota wa Liverpool na mdogo wake Andre Silva, waliofariki Hispania katika Lamborghini. Polisi wa kule walisema awali kwamba tairi lilipasuka gari likiwa linalipita jingine, na baadaye wakautaja mwendo kuwa nao ulihusika. Kapalamsenga watu waliweka picha ya Jota kwenye status, wakaandika "pumzika". Asubuhi wakapanda Probox ambayo mwenyewe anajua moyoni kwamba tairi la nyuma kulia lina nundu.

Lakini kisa kinachomhusu zaidi shabiki wa Katavi hakimhusu staa yeyote, ingawa nacho kinaanzia Liverpool. Septemba 2012 basi lililowabeba vijana waliotoka kwenye tamasha la muziki kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, likirudi Liverpool, liliacha barabara na kugonga mti huko Surrey. Watu watatu walifariki, dereva mmoja na abiria wawili. Tairi la mbele lilikuwa limepasuka. Wachunguzi waliposoma namba ubavuni walikuta tairi lina zaidi ya miaka 19. Lilikuwa limezaliwa kabla ya basi lenyewe! Meno yake yalikuwa mazuri. Kwa sheria ya wakati ule, tairi lile lilikuwa halali kabisa, kwa sababu sheria ilipima kina cha meno na wala haikuuliza umri.

Mama wa mmoja wa vijana wale, Frances Molloy, hakukubali. Alimzika mwanawe Michael aliyekuwa na miaka 18, kisha akaanza kugonga milango ya wabunge. Akaambiwa ushahidi hautoshi. Akaendelea. Ilichukua zaidi ya miaka minane. Kuanzia Februari 1, 2021 Uingereza ilipiga marufuku tairi lenye zaidi ya miaka kumi kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi, na kwenye magurudumu yote ya pekee ya mabasi madogo, yale yanayofanana na Hiace ya kubebea mashabiki. Tarehe ya kutengenezwa lazima isomeke. Isiposomeka, ni kosa.

Wapenda sinema nao wana lao. Paul Walker wa Fast and Furious alifariki Novemba 2013 akiwa abiria kwenye Porsche iliyokuwa ikiendeshwa na rafiki yake. Wachunguzi wa California walisema mwendo ulikuwa mkubwa mno, na wakaongeza kwamba tairi za gari lile zilikuwa na zaidi ya miaka tisa. Gari lilitembea kidogo sana, kwa hiyo tairi zilionekana nzima. Ni lilelile gari la chini ya mwembe, ila lenyewe lilikuwa la mamilioni ya fedha.

Sasa atasimama mtu kule nyuma aseme: tairi jipya ni hela, bhana. Na ana haki ya kusema, kwa sababu hoja hii ndiyo ngumu kuliko zote, na wanaohubiri usalama barabarani huipita haraka.

Mwenye Noah ya Kapalamsenga si tajiri. Gari lenyewe limetoka Japani likiwa limeshatumika, limekuja na tairi zake, na tairi hizo nazo zimeshatumika. Likichakaa moja ananunua la mtumba, kwa sababu la mtumba lina bei ya kuzungumzika na jipya linahitaji kikao cha familia. Anapokodishwa na tawi, watu wale kumi na mmoja wanamvuta bei mpaka ya mwisho. Wanamwambia, "Wewe si mwenzetu? Tusaidie." Anawasaidia. Akitoa mafuta, akitoa chakula chake, anachobaki nacho hakinunui hata tairi moja. Halafu wikiendi ijayo tena. Dereva kama huyu kumwita muuaji ni kumwonea. Anaendesha kwa bei waliyoipanga wao.

Kwa hiyo jambo linarudi kwenye tawi. Matawi ya mashabiki nchi hii yana nidhamu ya michango ambayo vyama vingi vinaitamani. Wanachanga jezi, wanachanga ngoma mpya, wanachanga bendera ya kufunika jukwaa zima, wanachanga msiba wa mwenzao mpaka jeneza linafika kijijini. Hilo la mwisho linauma kulifikiria. Tawi linaloweza kusafirisha maiti kutoka Tabora hadi Kapalamsenga haliwezi kusema limeshindwa kumwongezea dereva fedha kidogo kila safari, kwa sharti la maandishi kwamba kabla ya mechi fulani tairi mbili za mzee huyu zimetoka na mpya zimeingia. Dereva mmoja, gari moja, msimu mzima. Wao wana uhakika wa usafiri, yeye ana uhakika wa kazi, na tairi zina tarehe inayojulikana na kila mtu. Katibu wa tawi anayeandika majina ya waliolipa anaweza kuandika na tarakimu nne za kila tairi, tano ukijumlisha spea. Haichukui dakika kumi.

Na watu wapungue. Hapa wengi watanuna. Kila tairi lina uzito wake wa mwisho, nao umeandikwa ubavuni palepale, kwa namba. Noah ilitengenezwa kwa watu saba au wanane. Kumi na mmoja, ngoma, na ndoo za migebuka, ni kumchezesha mkongwe dakika 120 kila wiki, kisha kushangaa nyama za paja zikikatika.

Vilabu navyo visijifiche nyuma ya mashabiki. Julai 2021 basi la Polisi Tanzania lilipata ajali Kilimanjaro, mshambuliaji Gerald Mdamu akavunjika miguu yote miwili. Februari 10, 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi likitoka Ruangwa walikocheza na Namungo, wachezaji na viongozi wakaumia, mechi yao na Simba ikaahirishwa. Hizo si ajali za kubebeshwa tairi. Ila zinaonyesha jinsi ligi nzima inavyoning'inia kwenye magurudumu sita ya basi. Bodi ya Ligi huufungia uwanja wenye eneo bovu la kuchezea, na hufanya vema. Basi linalokipeleka kikosi kwenye uwanja huo lingestahili jicho lilelile: mwanzoni mwa msimu, kamishna au mtu wa Bodi achukue tochi, asome tarehe za tairi zote, aandike kwenye fomu, timu isaini. Kocha asiye na leseni haruhusiwi kukaa benchi. Tairi la miaka kumi na tano linaruhusiwa kubeba kocha mwenye leseni?

Askari wa usalama barabarani wanafanya kazi yao kwa wanachokiona. Tairi kipara wanalikamata, hilo halina ubishi. LATRA wana mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi, na umepunguza ujeuri wa madereva wengi. Lakini mfumo ule unaona kilomita kwa saa, hauoni wiki na mwaka. Na gari la kukodi la tawi, Noah ya mtu binafsi inayotoka kijijini usiku wa manane, hata mfumo huo haulioni. Kati ya Kapalamsenga na Kigoma mkaguzi pekee aliye karibu na tairi lile saa tisa usiku ni shabiki mwenyewe na simu yake yenye tochi.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa pancha wanalijua, nao hawaulizwi. Fundi aliyeweka kibanda chini ya mti pale njia panda anashika tairi ishirini kwa siku. Akilitoa kwenye ringi anaona ndani, anaona nyuzi zilizoanza kujitokeza, anaona mpira uliogeuka kuwa kama ganda la muhogo. Mteja anamwambia, "Fundi, ziba tu, nina safari." Anaziba. Lile lililoisha meno linachongwa upya kwa kisu cha moto, linapata sura ya kashata, linarudi barabarani likiwa jembamba kuliko lilivyotoka. Fundi kama huyo angelipwa hata bei ya soda kuwa daktari wa timu wa tawi, aseme huyu anacheza na huyu hachezi, angeokoa watu wengi kuliko vuvuzela zote za jukwaa la mzunguko.

Na likipasuka kweli, dereva asikanyage breki. Hilo ni la kumwambia kabla ya kuondoka, si baada ya mlio. Aushike usukani kwa mikono miwili, alinyooshe gari, aondoe mguu kwenye mafuta na aliache lipungue lenyewe mpaka aweze kutoka pembeni. Breki ya ghafla ndiyo inayolipindua. Abiria nao wasimpigie kelele. Mikanda ya siti iliyokunjwa na kusokomezwa chini ya viti vya Noah, siku hiyo inatafutwa kwa mikono yote.

Watauliza, sasa hizi za mwaka 2011 zikitolewa zipelekwe wapi? Kazi zipo. Fundi viatu wa sokoni Mpanda anazisubiri akate katambuga. Na makocha wa timu za vijana wa vijijini wanazitafuta kila siku, wazipange mstari uwanjani, vijana waruke wakiinua magoti, kulia, kushoto, kulia. Tairi tano tu zinatosha. Ni tano zilezile, nne za chini na spea.